Geti la Babu

Jumanne, wiki ya pili ya likizo

Mama mpendwa,

Nitakuambia yote, hata yale Babu ameniomba niyaruke. Ulinituma Nakuru nimlete nyumbani Kabazi, lakini kila siku saa nne anafunga geti la reli ili treni ya mahindi ipite kwenda kiwanda cha unga. Treni hiyo haijaonekana tangu nizaliwe.

Leo lori lilisimama getini. Dereva akapaza sauti, "Mzee, unangoja treni gani? Mzigo wake si ndio huu nimebeba!"

"Basi ipishe kwa heshima, boss," Babu akamjibu. "Si unakula chakula chake?"

Tulingoja dakika kumi, mimi nikiwa nimeshika bendera ya kijani.

Ijumaa geti litang'olewa. Wakubwa wa reli wamesema ni chuma chakavu, Babu alichukue akitaka. Anataka. Atarudi nyumbani Jumamosi, mradi geti lije naye, na dereva yule yule amekubali kulibeba.

Tafadhali nijibu upesi: lango la zizi letu lina upana wa hatua ngapi?

Binti yako akupendaye,
Njeri