Jina la Shangazi

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Ziba tu wazima, babu yako amepona mguu, na karanga zimekubali.

Unauliza kama ile habari ya Biblia, ya mtumwa kuachwa huru akarudi kwa jamaa zake, imewahi kumtokea mtu. Mimi niliiona nikiwa msichana, wakati wa Mwingereza. Mama mmoja mwenye mvi alifika kwetu kwa miguu kutoka Tabora. Alichukuliwa na msafara akiwa mtoto. Bwana wake alimpa jina lingine, lakini lake hakulisahau. Utumwa ulipofutwa, alianza kutafuta kwao kijiji kwa kijiji. Mpaka leo sijaona moyo kama ule.

“Mimi ni Kalunde,” alimwambia baba.

Baba aligeukia jikoni, akaita kwa sauti, “Kalunde!”

Nikaitika, nikatoka jikoni. Unajua kwetu mtoto hurithi jina la ndugu aliyefariki. Baba alidhani dada yake alikufa zamani, akanipa mimi jina lake.

Shangazi alinishika mashavu, machozi yakimtoka.

“Kumbe miaka yote hii mlikuwa mnaniita,” alisema.

Bibi yako,
Kalunde