Mlango Mmoja wa Ghala la Kamukuywa

Shangazi Nyambu, pokea salamu kutoka Kitale, na unisamehe barua ni ndefu, nimejaribu kuifupisha mara tatu na kila nikifupisha naona ninaficha kitu. Naomba unijibu kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, na tafadhali jina langu usilitoe gazetini.

Mimi ni mchoraji wa ramani za nyumba, nina miaka arobaini na moja, mke wangu ni Vivian na kwao ni Kamukuywa, huko Bungoma. Mwaka jana watu wa Kamukuywa waliamua kujenga ghala la chakula la jamii, yaani aliyevuna kikazidi analeta debe au gunia, na aliyekosa anakuja Jumamosi anapewa mahindi na maharagwe bila maswali mengi, na mwenyekiti wao, mzee Walubengo, akaniomba niwachoree bure kwa vile nimeoa pale, nami nikakubali haraka kwa sababu unajua mtu anapenda kuonekana wa maana ukweni. Nikachora jengo zuri Shangazi, si ati najisifu, madirisha ya juu ya kupitisha hewa mahindi yasiote kuvu, sakafu imeinuliwa panya wasipande, na mbele, upande wa soko, nikaweka mlango mmoja tu, ukiingia unafuata njia yenye upana wa futi nne na vyuma pande zote mpaka kaunta, unapewa chako, unageuka unarudi na njia hiyo hiyo. Mlango mmoja ni kwa sababu ya wizi, nilitaka chakula kisitoke bila soko lote kuona.

Sasa siku ya kuwaonyesha ramani, Mama Sellah wa kikundi cha kina mama aliinua mkono akaniuliza, "Fundi, sisi hapa tuko na wakwe. Kwa hiyo njia nyembamba, mama na mkwe wake watapishana aje?" Pengine wewe Shangazi kwenu ni tofauti, lakini kwetu mama na mume wa binti yake hawashikani mikono, hawaketi karibu, wakikutana njiani mmoja anaingia kando mwingine apite, na hiyo ni heshima, si chuki. Nilijua hayo vizuri, hata nyumba yangu ya hapa Kitale niliichora na mlango wa pili upande wa jikoni ili mama mkwe siku akitutembelea asilazimike kunipita sebuleni. Lakini siku hiyo watu walikuwa wengi, nikataka kuwachekesha, nikamjibu, "Mama, njaa haina mkwe." Walicheka sana. Mama Sellah akaketi.

Mwaka huu mwezi wa saba, wakati mahindi ya zamani yameisha na mapya bado yako shambani, nilienda Kamukuywa Jumamosi na wageni kutoka mtaa mmoja wa Kitale ambao wanataka kujenga ghala kama lile, tukaingia mpaka kaunta nikawaeleza kila kitu, na tulipokuwa tunatoka kwa ile njia, mimi mbele na wageni nyuma yangu, nikainua macho nikaona mama mkwe wangu anaingia. Alikuwa na gunia amelikunja kwapani. Nyuma yake foleni imejaa, nyuma yangu wageni, na Shangazi, futi nne ni kidogo sana, alijifunika uso kwa leso akajibana kwenye vyuma, nami nikasimama tu kwa sababu hata kumwita siwezi, kisha akageuka akasukumana na watu mpaka nje na gunia likaanguka. Nililiokota lile gunia na hadi leo liko ndani ya gari langu.

Sikumwambia Vivian. Niliona nikisema nitakuwa nimemvua nguo mama yake, maana mama alikuwa akimwambia kwa simu kila wiki kwamba chakula kipo, na nikajidanganya kwamba atarudi Jumamosi ingine nisipokuwepo. Hakurudi. Wiki ya tatu jirani alimkuta ameanguka jikoni, akapelekwa hospitali huko Bungoma, akakaa siku mbili akatuacha. Daktari alisema alikuwa anameza dawa za sukari bila kula. Tulipoenda nyumbani kwake tukakuta jikoni hakuna unga, hakuna kitu, ni mboga za porini tu kwa sufuria. Vivian aliketi pale chini akaniuliza, "Mbona mama hakuenda kwa ghala yako, na iko hapo karibu tu?"

Nikamwambia sijui.

Bado ananiuliza, Shangazi, akiwa anapika, akiwa anachana nywele, na kila mara ninajibu hivyo hivyo. Sasa mzee Walubengo amepiga simu, kamati imeamua ghala lipewe jina la mama mkwe, litachorwa juu ya ule mlango Jumamosi hiyo, GHALA LA MAMA PAULINE, na jina hilo mimi sijawahi hata kulitamka, naliandika hapa kwa sababu ndilo litakaa ukutani. Vivian alilia kwa furaha, mara ya kwanza tangu mazishi. Wanataka mimi nitoe hotuba. Mama Sellah alikuwa kwenye foleni siku ile, aliona yote, na hajasema neno, ananiangalia tu. Nikisema, Vivian ataniacha, na nikinyamaza nitasimama chini ya hilo jina nikidanganya. Nifanye nini?

Mkwe, Kitale.

*

Mkwe wa Kitale,

Pole kwa msiba. Naitanguliza pole kwa sababu yatakayofuata hayana sukari.

Unataka nikwambie kama ulimuua mama huyo. Mimi si daktari wala si Mungu, swali hilo utakaa nalo wewe. Kusimama kwako kwenye ile njia sikulaumu, ungefanya nini, upae? Ninalokulaumu ni zile wiki tatu. Ulijua kwamba mama amekuja na gunia tupu na ameondoka bila hilo gunia. Vivian angejua siku ile ile, angepanda gari jioni hiyo na unga na maharagwe, na mama angekasirika kidogo kisha akala. Unasema ulinyamaza kumlinda mama. Bwana wee, ulikuwa unajilinda wewe.

Na kuna jambo umeliandika ukalipita kama halikuhusu. Nyumba yako mwenyewe uliichora milango miwili. Ulikaa na kalamu yako ukafikiria mama wa watu atapita wapi ili heshima yake isiguswe. Ulipowachorea wenye njaa, hukuwafikiria kama watu wenye wakwe, uliwaona kama foleni, tena foleni ya wezi. Mama Sellah alikwambia mapema, bure, mbele ya watu, ukamgeuza kichekesho. Hilo linaniuma kuliko mengine, kwa sababu yeye hakuhitaji shule ya uchoraji kuliona.

Sasa sikiliza, siku ni chache.

Mwambie Vivian kesho. Mchana, nyumbani, simu zimezimwa. Usimtume mtu akusemee na usingoje Mama Sellah achoke kunyamaza. Anza na lile gunia, mpe mkononi, ni la mama yake na hukuwa na haki ya kutembea nalo. Usimweleze habari za wizi wala za panya. Ataondoka labda, ataenda kwao au kwa ndugu yake, na ikiwa hivyo mbebee mizigo mpaka stendi na usimfuate na maneno. Siwezi kukuahidi kwamba atarudi. Kama ni wa kurudi, atarudi kwa mtu aliyemwambia ukweli, na mtu huyo kwa sasa wewe humjui wala Vivian hamjui.

Ukishamwambia, mpigie mzee Walubengo, umwambie jina lingoje. Halitaandikwa juu ya mlango uliomrudisha mama huyo nyumbani kufa na njaa. Kisha nenda Kamukuywa na fundi. Toboa ukuta wa nyuma, weka mlango wa pili, upana ambao watu wawili wanapita bila nguo zao kugusana, na ng'oa hivyo vyuma vyote. Watu waingilie upande mmoja na watokee upande mwingine, na mwenye kutaka kuingia kwa nyuma asiulizwe sababu. Ukiogopa wizi, weka kufuli na watu wawili wa kamati. Kabla hujapiga mstari wowote, kaa na Mama Sellah, umuombe msamaha mbele ya wale wale waliocheka, halafu umuulize mlango ukae wapi, na akikwambia uandike. Wale wageni wa Kitale nao uwaambie ile ramani ina kosa, waitupe.

Hotuba usitoe. Kama Vivian na ndugu zake watakubali jina liandikwe, basi liandikwe juu ya mlango mpya, na wewe siku hiyo ukae mbali, upande wa barabara, kwa sababu kwenye hiyo foleni huenda kuna mama mwingine wa ukoo wa mkeo anayehitaji kupita.

Na Vivian akikuuliza tena mbona mama yake hakwenda ghalani, hilo neno sijui lisitoke kinywani mwako. Mwambie alikwenda, na aliyekuwa amesimama njiani ni wewe.

Shangazi Nyambu