Redio Ilinitaja, Nikaizima

Bi Hajira, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi na sikuwahi kudhani ipo siku nitakuandikia, maana barua nyingi unazojibu ni za waume na mawifi, na mimi sina mume wala wifi wa kunisumbua, ila nimefikwa na jambo ambalo siwezi kumweleza mtu wa karibu kwa sababu watu wa karibu ndio hasa ninaowakimbia, kwa hiyo nakuomba unisikilize mpaka mwisho na unijibu kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, tafadhali sana mama.

Nina miaka thelathini na mmoja, nakaa Magomeni, nauza kava na chaja za simu Kariakoo, Mtaa wa Aggrey. Kibanda cha pembeni yangu ni cha Nasreen, anauza vioo vya simu, na mbele yetu ana meza yake Beno, fundi, na sisi watatu tumekuwa kama ndugu, tunafungua pamoja, tunalindiana mali mmoja akienda kuswali au kuchukua mzigo, na saa saba mchana tunakula kwa mama ntilie mmoja anaitwa Paskalina, meza ya mwisho karibu na ndoo za maji. Meza hiyo wenyewe wameipa jina, Meza ya Machizi, kwa sababu Nasreen ni chizi wa tamthilia za Kikorea, anajifunza lugha yao kwenye simu, anaandika herufi zao kwenye maboksi ya mzigo, hata akipiga chafya anaomba radhi kwa Kikorea, na Beno ni chizi wa katuni za Kijapani, ana vinyago vyake vya plastiki kumi na saba kavipanga kwenye meza ya ufundi na ole wako uguse kimoja, na mwaka jana alivaa wigi la bluu na joho jeusi akatembea kwa miguu kutoka Gerezani mpaka Mnazi Mmoja kwenye mkutano wa wenzake, wapagazi wakimpigia miluzi njia nzima, naye anawapungia mkono kama bwana harusi.

Basi siku hiyo walikuwa wanabishana nani chizi kamili na nani anajifanya.

"Wewe unaangalia tu," Beno akamwambia Nasreen. "Chizi kamili lazima avae. Umeshawahi kuvaa?"

"Nivae nini wakati wa kwenye tamthilia wanavaa suti tu? Mimi nimejifunza lugha, bwana. Wewe Kijapani unajua maneno mangapi?"

"Manne."

"Na yote matusi!"

Tukacheka mpaka Beno akapaliwa na maharage, halafu akanigeukia mimi. "Na wewe dada, chizi wa nini? Haiwezekani mtu akae meza hii miaka minne na akili timamu." Nikasema mimi chizi wa kulala. Nasreen akasema basi mimi ndiye daktari wao, na mazungumzo yakaishia hapo.

Bi Hajira, nilidanganya. Mimi ni mtuma salamu. Nasemea wale wa kadi, unanunua kadi, unajaza jina lako na mahali ulipo, unaandika majina ya watu kumi unaowasalimu na ujumbe wako mwishoni, unaitumbukiza kwenye sanduku la redio, mtangazaji anasoma. Siku hizi wengi wanatuma kwa simu, mimi bado naandika kwa mkono kwa sababu nina mwandiko mzuri na ninajua kuwa ni mzuri. Redioni naitwa Kiboko ya Upweke, na kwa kuwa hunioni usoni nitasema bila haya, jina hilo linajulikana Mpanda, linajulikana Kibondo, linajulikana Tunduru, kuna mlinzi wa ghala kule Makambako hajawahi kuniona na hajawahi kuniacha kwenye kadi yake hata wiki moja tangu nianze. Nilianza nikiwa darasa la nne, nilikuwa namwandikia bibi yangu kadi zake kwa sababu macho yake yalikuwa yameharibika, yeye anataja majina kitandani mimi naandika, na bibi alipofariki, wiki iliyofuata redio ilisoma kadi za rambirambi siku tatu mfululizo, za watu ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga kwetu, mama yangu akakaa chini kwenye sakafu akasema kumbe mama alikuwa na ndugu wote hawa. Tangu siku hiyo kalamu ni yangu.

Sasa kwa nini naficha? Nafikiri ni kwa sababu Nasreen na Beno vitu vyao ni vya mbali na vya kisasa, na changu kinanuka betri za zamani. Ukisema unatuma salamu watu wanakuona mshamba. Na wenzangu wa redioni kila mwaka wanakutana, wana fulana zenye majina yao mgongoni, mimi yangu ninayo, imekunjwa chini ya kitanda, sijawahi kuivaa nje.

Wiki mbili zilizopita tuko kwa Paskalina, redio iko juu ya kabati la sahani, kipindi cha salamu kinaendelea, mtangazaji akasema kadi hii inatoka kwa Korosho Haiozi wa Newala. Huyo ni babu yangu wa redioni, miaka tisa tunasalimiana, nikiumwa anapiga simu, akiumwa napiga. Beno akasema, "Oya, hivi hawa watu wapo kweli au redio inawatunga?" Nasreen akasema, "Wapo bwana, wahenga hao, hawana bando." Mtangazaji anaendelea, anataja majina, halafu akasema, "Na mwisho kabisa imfikie Kiboko ya Upweke, popote alipo hapo Kariakoo, ujumbe unasema," na Beno akaangua kicheko, "Kiboko ya nani?" na mimi, Bi Hajira, nikasema, "Watu hawana kazi hao," nikanyanyuka, nikaizima redio. Paskalina akanijia juu, "We dada, unazimaje redio ya watu?" Nikasema kichwa kinaniuma.

Jioni Babu akanipigia, sauti imejaa furaha, "Umesikia, mwanangu?" Nikasema nimesikia Babu, nimefurahi mno, wala sijui nimefurahia nini. Akasema basi Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakuja. Ikabidi nimtafute mwenzetu mmoja wa Buguruni, Benedikta, ambaye hurekodi kila kipindi kwenye simu yake, akanitumia. Ujumbe ulikuwa unasema, "Kiboko ya Upweke, umepata somo. Binti yangu amejifungua salama mtoto wa kike na tumempa jina lako ulilopewa na wazazi. Namleta umwone." Nilisikiliza nimekaa kwenye ndoo stoo, nikalia mpaka kanga ikalowa.

Huyo binti wa Babu alikwenda kujifungulia kwao Newala na sasa anarudi kwa mumewe hapa Dar, kwa hiyo Babu anawasindikiza, na Jumamosi hiyo watuma salamu wa Dar wote watakutana Mnazi Mmoja na fulana zao waje naye kwa miguu mpaka kibandani kwangu, na Benedikta anasema wamepata na spika. Spika, Bi Hajira, Mtaa wa Aggrey, saa nne asubuhi, mbele ya Nasreen na Beno.

Nimefikiria kusema naumwa. Nimefikiria kufunga kibanda nimwombe Babu amlete mtoto kwangu Magomeni kimyakimya. Naogopa kuchekwa, lakini zaidi naogopa hawa rafiki zangu wataniona mnafiki, na Babu akijua nilichofanya siku ile mtoto atabadilishwa jina. Nifanyeje?

Wako, Daktari wa Machizi, Kariakoo.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kwanza utulie: majina nimeyabadilisha yote, ya nyumbani na ya redioni, na mtaa nimeuhamisha. Lako la redioni nimelibadilisha kwa uchungu, maana ulilojipa mwenyewe ni kali kuliko hilo nililokubandika mimi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma. Mara ya pili huruma ikapungua.

Unasema unaogopa kuchekwa. Na nani? Na Beno aliyekatiza Kariakoo mchana kweupe na wigi la bluu? Na Nasreen anayepiga chafya kwa Kikorea? Hao wawili wamekaa nawe miaka minne wamekufunulia wazimu wao wote, wametaniwa, hawakukimbia. Wewe umeyala yao yote na lako hukulitoa hata siku moja. Hapo mchoyo ni nani? Waliwacheka watuma salamu, kweli, lakini waliwacheka watu wasiowajua. Wewe uliyewajua ndiye uliyesema hawana kazi. Nimekusema na nitakusema tena: lilikuwa neno baya, na lilitoka kinywani mwako.

Mkataa kwao ni mtumwa, binti. Umeshakuwa mtumwa wa kicheko cha mtu mwingine, unacheka anapocheka, akicheka cha kwako unakizima. Na kwa ajili gani? Eti chako kinanuka betri. Hebu nikuambie kitu. Wale anaowapenda Nasreen wamelipwa kuigiza, wale wa Beno wamechorwa na kalamu. Siwasemi vibaya, kila mtu na starehe yake, na mimi nina zangu nisizozitaja gazetini. Lakini hao hawatajua kamwe kwamba Nasreen na Beno wapo duniani. Wa kwako wanajua. Walimlilia bibi yako siku tatu. Mlinzi wa Makambako anakutaja kila wiki. Familia nzima ya Newala imekaa kikao, ikatazama watu wote inaowafahamu, ikaona jina la kumpa mtoto wake ni lako. Ningekuwa mimi, fulana hiyo ningeivaa mpaka msikitini.

Kwa hiyo usinieleze habari za kuumwa. Na Magomeni kimyakimya, usithubutu. Mtoto mchanga hatolewi Newala, siku nzima barabarani, aje apokewe kwa kujificha kama mzigo wa magendo.

Gazeti hili linatoka Jumatano. Jioni hii hii mpigie Babu yako. Usizunguke, mwambie, "Babu, nilikudanganya. Ujumbe wako niliusikia kwa Benedikta. Redio niliizima mwenyewe kwa sababu niliwaonea watu haya." Ataumia. Mwache aumie, ni haki yake, na wewe usijitetee. Jina hataliondoa. Jina la mtoto si kava ya simu, mtu anunue leo arudishe kesho kwa kuwa rangi haikumfaa. Lakini akikugombeza, itikia.

Kesho Alhamisi nenda kwa Paskalina na kadi mfukoni. Chakula kikishakuja, itoe, uanze kuandika mbele yao kwa huo mwandiko unaojivunia. Usihutubie. Watauliza unaandika nini. Waambie unaandika salamu, na jina lako la redioni ndilo hilo walilolicheka, na mtu wa kwanza kwenye kadi ni Nasreen muuza vioo, wa pili ni Beno fundi na vinyago vyake kumi na saba, wa tatu ni Paskalina, ambaye utamwomba radhi kwa kumzimia redio. Watakucheka, na ucheke nao. Beno atasema alijua siku nyingi. Hakujua. Kisha kaitumbukize kadi kwenye sanduku mchana huohuo. Sijawahi kumwona mtu aliyesikia jina lake likisomwa redioni akaendelea kumcheka aliyelituma.

Kuhusu unafiki, ulifanya unafiki, basi. Mficha uchi hazai. Ukiwaomba msamaha mara moja inatosha, usiwafanye wakubembeleze wiki nzima.

Ijumaa ununue doti ya kanga, nzuri, si ile ya kugawa harusini, na kigauni na mafuta ya mtoto. Somo haonwi kwa mikono mitupu. Mwombe Nasreen akusaidie kuchagua, atapenda. Mwombe Beno alete viti, na kama bado ana lile wigi, mwambie avae, watuma salamu wana fulana zao na yeye ana lake.

Jumamosi fungua mapema. Fulana itoke chini ya kitanda, ipigwe pasi. Utakaposikia spika inakata kona kuingia mtaani kwenu, usingoje wakufikie, toka uwafuate. Mpokee mtoto kutoka mikononi mwa babu yake, umwite jina lake kwa sauti, mpaka wenye maduka ya ng'ambo wageuke. Ni jina lako. Wakigeuka, usiangalie chini.