Wimbo Wetu wa Kuagana

Mbagala, Dar es Salaam

Kaka yangu Baba Mwanahawa,

Shikamoo. Habari za Chiungutwa? Kifua cha mama kimetulia? Na mikorosho, imeanza kutoa maua? Mimi mzima, bado napika kwenye ule ukumbi wa harusi, na moshi ndiyo manukato yangu.

Ujumbe wako niliupata. Unaniuliza kama umkubalie Zuhura aje hapo kupiga video na kikundi chetu, kwa ngoma zetu. Sikukujibu palepale kwa sababu nilikuwa na hasira. Wewe ni ndugu yangu wa tumbo moja, sikufichi: namwonea wivu. Wivu mpaka chakula hakipiti! Yuko kwenye kila redio, kila bodaboda. Hata wasichana ninaopika nao wanamwimba wakimenya vitunguu, mimi nasonya tu.

Angekuwa ametoa kitu kipya, ningemeza. Lakini ni wimbo wetu wa kuagana, kaka! Ule wa kufungia ngoma jandoni, kila nyumba inatajwa kwa ubeti wake: aliyepika togwa tamu, aliyenuniana na mkewe, yule ambaye mbuzi wake alikula mkeka wa wageni. Hakuna nyumba iliyowahi kuimbiwa ubeti wa jirani. Zuhura ana sauti, Mungu kampa, sibishi. Ila tulipokuwa tunaimba wote jandoni, maneno alikuwa anayatoa wapi? Si mimi niliyesimama nyuma yake namnong'oneza? Yeye anapaza, watu wanamtuza yeye. Sasa siko mgongoni kwake, na wimbo mzima umebaki na mstari mmoja, "Wenyeji twaaga, wenyeji twaaga," mpaka mashine yake ya midundo ichoke. Wala si yeye peke yake. Huku kila wiki wanatoa wimbo mpya na wote ni uleule, ukifumba macho hujui nani ni nani.

Sasa sikia ya Jumamosi. Bibi harusi anaingia ukumbini, yule kijana wa muziki akauweka huohuo. Wimbo wa kuagana, eti kumpokea bibi harusi! Meza ya nyuma walikaa ndugu za bibi harusi waliotoka huko kwetu, Lisekese na Newala. Wote wakasimama. Mzee mmoja akaanza kutafuta viatu vyake chini ya meza. Mama mmoja akanijia jikoni, kanga begani.

"Mwanangu, ngoma imeisha na hatujala. Nifungie hata kwenye mfuko."

"Mama, rudi ukae. Ndiyo kwanza inaanza."

Akanitazama. "Inaanzaje, na wameshatuaga?"

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye gunia la mchele. Halafu nikachungulia ukumbini. Wengine wote walikuwa wanacheza, kaka. Wanampenda. Na ile sauti ilikuwa nzuri, ilinichoma. Mimi humu hakuna anayenijua ila kwa pilau.

Nisalimie mama, mwambie asiache dawa. Wifi yangu Mama Mwanahawa mwambie kanga zake nimeshanunua. Shangazi wa Lulindi, yule mwimbaji wa kanisani, mpe salamu akija, na umsikilize akilalamika kwaya za siku hizi. Sasa namwelewa.

Kuhusu Zuhura, mkubalie aje. Lakini mashine yake aizime. Ngoma uziweke kwenye moto wa nyasi mpaka ngozi zikaze, uite majirani, upige kama ulivyokuwa unapiga. Mkifika mwisho, nyamaza kidogo kama zamani, umwachie nafasi ya kuitaja nyumba yetu kwa ubeti wake mwenyewe. Mama akae mbele, amsikie.

Akikwama, usimsaidie.

Akiweza, kaka, tafadhali usiniambie.

Mdogo wako,
Somoe