Swali Lako Kuhusu Mafuta ya Nyambizi

Columbus, Novemba 2015

Papa,

Salamu ndefu hukuzipenda, kwa hiyo naanza na kosa langu. Nilikudanganya.

Ilikuwa Jumapili, nyumbani kwenu kule Newburg, miguu yako imevimba kwa kusimama ghalani wiki nzima. Ukaniuliza hasa ninasomea nini. Nikakueleza kwamba natafiti urani inayoendesha nyambizi za kivita. Ukauliza: "Bon, mwizi akiiba ile mafuta, anaweza tengeneza bombe?"

Wewe uliyekimbia milima ya Kivu ukaacha ng'ombe na kaburi la kaka yangu. Nikasema, "Hapana, Papa." Ukapiga magoti palepale kwenye zulia, ukamshukuru Mungu kwa masomo yangu. Ningeyarudishaje maneno yangu? Wiki tatu baadaye moyo wako ukasimama ukiwa kazini.

Ukweli ni kwamba anaweza. Urani ya nyambizi za hapa imerutubishwa, yaani imekolezwa, hadi kiwango cha bomu, ndiyo maana hudumu miaka mingi bila kubadilishwa. Wafaransa hutumia iliyo hafifu. Inawapa usumbufu wa kuibadilisha, lakini mwizi hawezi kuifanya bomu hivyo ilivyo. Tena, nchi ikisema urani yake ni ya nyambizi, inaweza kuiondoa machoni pa wakaguzi wa kimataifa wa nyuklia. Hayo yote niliyajua siku ile.

Siku ya kuondoa matanga, mchungaji alitaka kila mtoto asimame aseme neno la mwisho alilozungumza nawe. Nikasimama mbele ya kanisa zima nikadanganya tena, nikasema uliniambia nisome kwa bidii. Watu wakaitikia amina. Papa, aibu ile bado ninayo.

Mama yuko Buffalo, mtaa wa Kensington-Bailey, kwa dada yangu mkubwa. Chakula hakimpiti kooni. Koti lako analivaa hata ndani ya nyumba. Juzi nilimpigia simu nikamweleza yote. Akasema: "Donc, basi, alikufa na uongo yako." Akakata simu, na hajapokea tena.

Alhamisi natetea utafiti wangu mbele ya watahini chuoni. Mwalimu wangu ananishauri nifute sura inayotetea urani hafifu, maana wanaotaka kuniajiri ndio wanaotengeneza ile kali. Kazi hiyo naitaka, Papa, sikufichi. Lakini sura sitaifuta. Nitalisoma swali lako mbele ya watahini wote, kama ulivyoliuliza, na safari hii nitajibu ndiyo.

Lala, Papa. Nisamehe.

Binti yako