Fundo Kwenye Glovu ya Baba

Shikamoo, Baba.

Jumamosi nimeiona glovu yako. Ilikuwa kwenye picha kubwa kuliko mlango wa zizi letu, katika bustani ya hoteli hapa Moshi mjini, na watu waliovaa vizuri walikuwa wanaipigia makofi. Hawakujua ni yako. Mimi nilijua. Unanijua: mwanao hakosi la kusema. Kwa hiyo nakuandikia.

Ngoja nianze mwanzo, maana ulikuwa unachukia nikirukaruka.

Tangu tukuzike mgombani, masika yamekuja na kuondoka. Ng'ombe mwekundu amezaa jike. Mama amekataa kuhamia kwangu mjini. Anasema akiondoka Kirua, nani atakuwa anakupa habari? Kanisani nafasi yako kwenye benchi haikaliwi, ingawa hakuna aliyekataza. Na saa yako niliikuta imesimama siku ya tatu baada ya mazishi. Ilikuwa kwenye mkebe wake wa bati, imelala na jani moja kavu, nikadhani uliliweka kuzuia unyevu. Nikalitupa, Baba. Lile jani nililitupa.

Jumamosi asubuhi niliipeleka saa kwa rafiki yako Mzee Shabani, fundi saa wa Njoro. Akaifungua, akaitazama kwa ile lenzi yake ya jichoni, akacheka. "Ndeshi, hii haina ugonjwa. Saa hizi hazitiwi ufunguo wala betri, zinajijaza kwa mkono unaotembea. Imekosa mtu tu." Akaandika kwenye kikaratasi nambari iliyochongwa mgongoni mwa saa, kama anavyofanya kwa kila saa, akanipa vyote viwili. Nikavitia mkobani, nikaenda kwenye vita vyangu.

Vita vyenyewe vilikuwa hivi. Kampuni moja ya saa ya Ulaya ilikuwa inazindua toleo maalumu la kuuenzi mlima wetu. Saa ya michezo, ya otomatiki, uso rangi ya barafu, mshale wa sekunde rangi ya chungwa, kilele cha Kibo kimechongwa mgongoni. Zimetengenezwa chache, kila moja na nambari yake, zikiisha zimeisha. Nilikwenda nikiwa na kichwa cha makala tayari. Makala yenyewe ilikuwa inasubiri tu wakosee.

Msemaji wao alisimulia historia ya kampuni, na kwa haki aliisimulia vizuri. Bonde lenye theluji. Mwanzilishi ameketi dirishani akifuata mwanga wa jua. Wanawe na majina yao, mabinti waliong'arisha magurudumu madogo kama mbegu za ulezi. Hata mbwa wa mwanzilishi ana jina, limo kwenye kijitabu walichotugawia! Kisha akafika kwa shujaa wao, mpanda milima waliyempa saa aje kuipima kwenye baridi ya Kilimanjaro. Niliposikia jina nikainua kichwa: ni yule uliyemwita Bwana Yohani, mzungu uliyemwongoza mlimani, aliyekupa saa. Kijitabu kinasema alifika kileleni, akapigwa picha na mmoja wa wapagazi. Mbwa ana jina, mpagazi hana. Nikaandika haraka haraka, nimefurahi kama nyani aliyekuta shamba la mahindi halina mlinzi.

"Saa ile yenyewe ilipotea," akaendelea. "Tunaitafuta mpaka leo." Akasoma nambari yake.

Nikafungua mkoba, nikatoa kikaratasi cha Mzee Shabani. Nambari ilikuwa ileile.

Hapo ndipo wakaifunua picha. Mtu amesimama kileleni. Kofia, miwani ya theluji, kitambaa mdomoni, hakuna hata kipande cha ngozi kinachoonekana. Ameinua mkono wa kushoto, saa imefungwa juu ya mkono wa koti. Na kidole cha mwisho cha glovu kimepigwa fundo.

Fundo la Mama, Baba. Kidole chako kilichokwenda na panga ulipokuwa unakata majani ya ng'ombe, kabla mimi sijazaliwa. Kila glovu yako ya kushoto Mama aliifunga kidole kile kitupu ili upepo usiingie. Nimekua nikiliona fundo hilo kwenye kamba ya kuanikia nguo, kati ya sare zangu za shule.

"Dada Ndeshi!" mshereheshaji akaniita kwa kipaza sauti. "Leo huna swali? Jamani, mpigeni picha, mlima umehama!" Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimesimama tayari. Nikakaa.

Baba, miaka yote ulisema sentensi moja tu: "Hii saa imefika juu." Na mimi kila mara nilikumalizia: "Ikiwa mkononi mwa bwana wako." Ulikuwa unageuka kuutazama mlima. Nilidhani umeshindwa hoja.

Halafu ile makala yangu. Niliandika gazetini kwamba waongoza wageni wetu huvaa zawadi za wazungu kama mbwa anavyovaa mkanda wa shingoni, na mfano niliotoa ni wewe. Niliona ni ujasiri, kumkosoa mzazi wangu hadharani kwa ajili ya heshima ya watu wetu. Sokoni Kiboriloni wakakudaka: "Mzee Elinami, mkanda wako unasema saa ngapi?" Uliisoma makala yote, ukavua miwani, ukasema, "Umeandika vizuri. Sema koma zimezidi." Nilicheka, nikawahadithia marafiki. Nisichowahadithia ni kwamba tangu siku ile uliuvuta chini mkono wa shati lako kufunika saa, ukaendelea kuuvuta hivyo hadi unakufa. Niliona. Sikuuliza.

Kutoka hotelini nilipanda moja kwa moja Kirua. Mama alikuwa anamenya ndizi. Nilipotaja fundo, akaweka kisu chini.

"Yule mzungu alishindwa," akasema. "Kwenye kibanda cha mwisho. Alikuwa anatapika, hawezi hata kuvaa kiatu. Akampa baba yako koti, kamera na saa, akamwambia nataka tu kujua kama itahimili baridi." Ukapanda na marehemu Baba Mdogo Elia, yeye akakupiga picha. Picha ikafika Ulaya, ikatangazwa kuwa ni ya Bwana Yohani, naye akanyamaza.

Alirudi baada ya miaka miwili. Alikuja kwetu kwa miguu, akasimama kwenye masale yaliyopandwa mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, akachuma jani la sale, akakunyooshea kwa mikono miwili huku analia. Kisha akavua saa, akakupa.

"Nani alimfundisha habari ya sale, Mama?"

"Nani tena kama si baba yako! Walipokuwa njiani alimwambia, kwetu mtu akikuletea sale huwezi kukataa kumsamehe. Alijifunga kwa kamba yake mwenyewe." Mama akacheka, kisha akalia, kisha akaendelea kumenya ndizi.

Lile jani kavu. Miaka yote ile ulilihifadhi pamoja na saa, nami nikalitupa na takataka.

Nimekukasirikia, Baba, nakuambia ukweli. Niliandika kurasa sita bila kuinua kichwa, ushahidi wote umo: nambari, fundo, mbwa mwenye jina. Ingekuwa makala kali kuliko zote nilizowahi kuandika. Nikamsomea Mama. Akasikiliza hadi mwisho.

"Sale lilipokelewa," akasema.

"Aliomba asamehewe, Mama, hakuomba afichwe!"

"Ni kweli. Kumficha aliongeza baba yako mwenyewe. Alisema, mtu aliyelia mgombani kwangu simtangazi."

Sidhani kama ulikuwa sahihi, Baba. Uliwaachia historia ambayo si yao, na mimi ukaniachia nikutukane mbele ya watu ilhali sentensi moja ingeniziba mdomo. Lakini neno ni lako, na wewe uliyepanda ndiye mwenye haki ya kulitoa au kukaa nalo. Kurasa sita nimezitia jikoni, Mama akakokea moto wa ndizi.

Nitaandika makala moja tu. Itasema kwamba miaka ile nilimdhalilisha baba yangu gazetini, kwamba nilikosea, na kwamba sikumuuliza. Koma nitazipunguza. Bwana Yohani hatakuwamo. Akija mtu kuniuliza saa hii nimeitoa wapi, nitajibu ni ya baba yangu, imefika juu naye. Nitaweka nukta hapo. Hesabu iliyobaki aifanye mwenyewe.

Kanisani nitaivaa na shati lililokunjwa mikono hadi kwenye kiwiko. Kiboriloni vilevile.

Kesho asubuhi nitapita mpakani mwa kihamba, nitachuma sale bichi, nitakuja ulipolala, nikunyooshee kwa mikono miwili. Huwezi kulikataa. Uliwafundisha hadi wazungu.

Nimeifunga saa yako mkono wa kulia, huu ninaoandikia. Nilipoanza barua hii ilikuwa imesimama. Sasa inatembea.

Pumzika, Baba.

Mwanao,
Ndeshi