Tausi Bado Hajajibu

Jumatatu, 4 Juni 1973
Kimefika! Iqbal wa duka la Mikindani amekitoa chini ya kaunta kwa mikono miwili. Ati, dada Yustina, hiki ni kitabu au tofali? Nikakinyakua. Miaka sita namngoja mwandishi wangu! Vitabu vyake viwili vya kwanza nilivisoma hadi chakula kikaungua. Hiki nitakimaliza kabla ya Jumapili. Naapa.

Alhamisi, 7 Juni
Sura ya kwanza – kahawa. Sura ya pili – kahawa, na mvua juu ya kahawa. Tausi, mwenye kisa, ametokea mara moja tu: ameposwa na dereva wa treni. Halafu huyoo, mwandishi karudi shambani. Leo nimesinzia ofisini, paji la uso juu ya taipureta. Bosi kapita, kakohoa. Aibu! Lakini simsemi vibaya mwandishi wangu.

Jumamosi, 9 Juni
Helena amekuja kunisuka. Mapatano yetu ni yale yale: yeye anasuka, mimi namsimulia kitabu. Nikamwambia Tausi ameposwa, na mume atampeleka mbali na kwao. Mikono ikasimama kichwani mwangu. Kumbe na yeye ameposwa! Na Andrea, yule wa kreni bandarini, anayehamishiwa Tanga. Wazee wa Helena huko kijijini Mahurunga hawana neno, jibu atoe mwenyewe. Mshenga analifuata hapa kwangu Jumamosi ijayo.

"Basi, da Yustina, atakalofanya Tausi, nami nafanya hilo hilo."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Ndipo nikakumbuka – katika kitabu cha pili yule mama aliuza mbuzi akanunua cherehani. Helena naye akauza mbuzi! Sasa mtaa mzima wa Chuno unashona kwake. Anamwamini mwandishi kuliko padri.

Mungu wangu. Na mimi sijafika hata ukurasa wa mia.

Jumatano, 13 Juni
Nasoma nikila, nasoma kwenye foleni ya bomba. Babu yake Tausi anaeleza alivyojenga ghala. Msumari kwa msumari! Nikachungulia mwisho, Mungu anisamehe. Tausi ni bibi kizee, anapalilia kahawa. Mume hatajwi. Alimkataa? Amefiwa? Nimezidi kuchanganyikiwa.

Jioni nimemkuta Andrea getini kwangu, kofia mkononi. Habari za Tausi zimemfikia. Anauliza huyo dereva ni mtu wa namna gani, halewi? Nikasema bado hajafungua mdomo. Maskini, akasikitika kweli. Angesema kitu, dada, angesema hata kidogo! Nikamuuliza, na wewe je, umemwambia nini Helena? Akatazama viatu vyake. Kumbe hajasema lolote, amemtuma shemeji yake! Kwao mwenye kuposa hasemi mwenyewe, ni kukosa adabu. Nikamfokea. Adabu itakuponza, nenda ukaseme!

Ijumaa, 15 Juni
Amejibu! Kahawa yote ile, halafu jibu mistari miwili.

Amekataa.

Nimekitupa kitabu kitandani. Nikakiokota, nikakipangusa. Ubaya wake ni kwamba ni kizuri! Sasa naelewa lile ghala. Tausi hawezi kuishi pengine, utamng'oa na mizizi. Mwandishi wangu ana akili, na leo namchukia. Helena si Tausi! Helena hana shamba la kahawa. Ukimtajia jina la Andrea, anakosea hata kushika uzi. Nitamwambia nini kesho? Kusema uongo siwezi. Kusema kweli naogopa.

Jumamosi, 16 Juni
Naandika nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima. Helena amekuja asubuhi, akaanza kusuka. Hakuuliza chochote! Nikashindwa kuvumilia. Helena, Tausi amejibu. Palepale akaniziba mdomo kwa kiganja, mafuta ya nazi hadi puani.

"Kama amekubali, nisimulie. Kama amekataa, kaa nalo mwenyewe mpaka mshenga aondoke."

Nikanyamaza. Akanitazama. Nikazidi kunyamaza. Akavuta nywele kwa nguvu, nikalia!

Mara hodi. Si mshenga – Andrea mwenyewe, peke yake, shati limepigwa pasi hadi linang'aa. Helena katoka, kaniacha na chanuo kichwani. Nawasikia barazani. Andrea anasema, anasema, hapumziki! Choo cha Tanga, majirani wa Tanga, na jinsi asivyopata usingizi usiku. Jamani, na yule alikuwa bubu!

Sasa kamaliza. Zimebaki kurasa mia tatu za kahawa, nimekifunga kitabu nisikie vizuri. Helena anakohoa kidogo. Anaanza kujibu –